Kibanda cha Video cha Katwe na Sauti ya VJ

Katika kibanda kimoja cha video mtaani Katwe, Kampala, nilitazama filamu ya mapigano kutoka Marekani ambayo VJ (“video joker”, msimulizi anayeitafsiri na kuichekesha filamu) aliigeuza papo hapo: juu ya sauti ya asili alitafsiri kwa Kiganda, akampa jambazi jina la mtaani, na gari la kifahari lililopitishwa mbele ya kamera kama tangazo akalifanyia mzaha hata ukumbi mzima ukacheka. Huo ndio ufundi ninaouthamini, kwani mtazamaji hapokei bidhaa ya kigeni akiwa kimya. Spika zilikwaruza, na mabenchi hayana egemeo. Kule Wakaliga, mtaa mwingine wa Kampala, katika filamu za mwongozaji Isaac Nabwana, sauti ya VJ hurekodiwa ndani ya filamu yenyewe. Hapa Katwe, VJ alijibizana nasi.