Kachi keni kwenye pikapu ya Ford F-150 yenye supachaja: nyota ngapi nitoe mimi mwenyewe sijui

Naanza na yule jamaa wa kaunta, maana nikianza na kopo lenyewe (ndiyo hiyo kachi keni, kopo la kunasa oili iliyomo kwenye moshi wa ndani ya injini isirudi kwenye njia ya hewa) nitajikuta nalisifu na leo sina hamu ya kusifu kitu chochote.

Nimempelekea makopo yake yote mawili, nimeyafunga kwenye mfuko wa nailoni yasije kumchafulia kaunta, nikamweleza taratibu kabisa kwamba yameganda, injini ikakosa pa kupumulia, oili sili ya nyuma ya kranki, ile inayozuia oili isivuje, ikasalimu amri. Hakuyagusa hata kwa kidole. Akasoma risiti, akaniangalia usoni, akauliza "huko kwenu kuna winta kweli?" halafu akamgeukia mwenzake wakacheka. Jamani. Mimi Ohio hapa Marekani nimekaa miaka mpaka mwanangu wa kwanza kazaliwa hapahapa, theluji naifagia mlangoni kila mwaka, na hata huko kwetu anakouliza, mwambieni Makete kule Njombe sakitu inaanguka mpaka mboga zinaungua. Ila nilikuwa nimeuliza habari ya spea, sikuuliza jiografia.

Na ndiye huyuhuyu aliyeniuzia. Siku ya kununua alikuwa mtamu kama nini, ananiita bosi, ananiambia gari yenye supachaja (ile pampu inayosukuma hewa kwa nguvu kwenye injini) kopo moja halitoshi lazima mawili. Na hapo hakudanganya, nikiri tu, elimu ile ilikuwa sahihi. Hizi injini za V8 5.0 zina mpira wa PCV upande wa abiria unaovuta moshi wa ndani ya injini kurudisha kwenye manifodi, yaani njia inayogawia silinda hewa, na upande wa dereva kuna mpira wa kuingiza hewa safi. Ukienda mwendo wa kawaida manifodi inanyonya, kila kitu kinapita upande wa abiria. Ukikanyaga, supachaja inajaza presha kwenye manifodi, valvu ya PCV inajifunga, na ule moshi unaovuja pembeni ya ringi za pistoni unageuza njia unatokea upande wa dereva kurudi kwenye bomba la hewa kabla ya supachaja. Kwa hiyo ukifunga kopo upande mmoja tu, siku unapovuta trela kupanda mlima ndiyo siku oili inapita kwa raha zake. Kopo moja kila upande, sawa, nimekubali, nimelipa dola 300 na ushee.

Kitu ambacho hakusema, na wala kwenye boksi hakuna mstari hata mmoja, ni habari ya baridi. Moshi ule wa ndani ya injini si oili peke yake, una mvuke wa maji mwingi tu maana petroli ikiungua inatoa maji. Kopo kazi yake ni kuupoza huo mvuke udondoke chini. Sasa basi kopo umelifunga mbele ya injini linapigwa na upepo wa nyuzi 15 chini ya sifuri, safari zenyewe fupi za kazini na kupeleka watoto shule, injini haijapata moto vizuri umeshazima. Maji yanakaa, yanaganda. Kwanza likaganda la upande wa abiria, moshi wote ukahamia upande wa dereva, na huko nako kukaganda. Njia zimekwisha. Presha ndani ya injini inatafuta pa kutokea.

Nilikuwa nimetoka tu kuingia barabara kubwa asubuhi moja ya Januari, nikasikia harufu ya oili inayoungua, halafu moshi ukaanza kutoka kwenye boneti, nikaweka pembeni. Kufungua boneti, dipstiki imejisukuma juu yenyewe imesimama nje karibu urefu wa kiganja, oili imetapakaa kwenye kava ya injini na nyingine imedondokea egzosti. Chini ya gari, pale injini inapokutana na giaboksi, kunadondoka tone, tone, tone jeusi kwenye theluji. Nilijua hapo hapo.

Fundi wangu ni Mkongo, mtu wa Bukavu, mtaratibu sana. Alikaza macho kwenye lile kopo, akalitikisa likagonga kama lina jiwe ndani, akaniambia "kaka, iyi kitu imeganda, motere itapumua wapi?" Ndiyo ripoti nzima ya ufundi, na imenisaidia kuliko karatasi zote za kampuni. Kubadilisha ile sili lazima giaboksi ishuke, sili yenyewe bei rahisi kabisa ila kazi ya kuifikia ndiyo inayokutoa machozi. Niliyoilipa sitaki kuitaja, mke wangu anasoma humu.

Sasa narudi dukani kudai, jamaa akishamaliza kucheka ananiambia dhamana ni ya kopo tu, na kopo halijavunjika, kwa hiyo kopo limefanya kazi. Limefanya kazi! Nikamwomba meneja, meneja akatoka ofisini akiwa bado anatafuna, akanisomea palepale kwenye risiti kwamba mteja anatakiwa kumwaga kopo "mara kwa mara". Mara kwa mara ni lini? Kila nikimwaga oili ya injini? Kila wiki? Kila Ijumaa baada ya swala? Hana jibu. Kuna sheria hapa Marekani ya mwaka 1975 inaitwa Magnuson-Moss (yule Magnuson ni seneta, si ile kampuni ya supachaja yenye jina hilo) inayowabana watu wa dhamana, nikaitaja, akaniambia hiyo ni habari ya watengeneza magari nikawaulize wao. Nikachukua mfuko wangu wa nailoni nikaondoka.

Basi nikasema makopo haya siyataki tena. Fundi akarudisha mipira kama ilivyotoka kiwandani, winta iliyobaki nikaimaliza hivyohivyo, gari haina tatizo. Hapa ndipo ningependa kuwaambia msinunue upuuzi huu na niishie hapo.

Tatizo, joto likarudi nikaanza kuvuta trela, nikasikia injini inagonga kwenye mlima, ule mlio kama mtu anatikisa misumari kwenye debe, na nguvu inapungua maana kompyuta ikisikia kugonga inachelewesha cheche. Fundi akatoa bomba la hewa, akapitisha kidole ndani akanionyesha, kidole kinang'aa oili mpaka kwenye kifundo. Hiyo oili inaingia supachaja, inapaka intakula iliyoko ndani ya manifodi ishindwe kupoza hewa, na ikichanganyika na petroli inaishusha oktani, yaani petroli inawahi kujiwasha yenyewe, ndiyo kugonga kwenyewe. Kwa injini isiyo na presha ni usumbufu mdogo, kwa yenye supachaja pistoni inaweza kukuaga.

Nikayarudisha. Ndiyo, yaleyale. Na yananasa kweli, huo ndio uchungu wenyewe. Nikimwaga wakati wa joto inatoka oili ya kahawia nyembamba inanuka petroli, wakati wa baridi inatoka uji mweupe mweupe unaojaa chombo upesi mno. Kwa hiyo msimu wa baridi namwaga kila wiki, injini ikiwa imepata uvuguvugu lakini haichomi, na likitangazwa baridi la kufa mtu nayatoa kabisa naunganisha mipira ya kiwandani. Nimemwambia fundi ayasogeze karibu na injini yapate joto, na mipira tumebadilisha, ile ya kwanza waliyonipa ilikuwa ya hita, oili inailainisha inavimba mpaka inajikunja ikivutwa. Wavu wa ndani naosha kwa dawa ya breki, ila ule mpira wa duara wa kifuniko nautoa kwanza maana dawa inauharibu, na naacha ikauke kabisa kabla ya kufunga. Mpira wenyewe naupaka oili kidogo, nakaza kwa mkono basi. Ukitumia spana utaukata halafu utaanza kulaumu injini inavuta hewa.

Na zile keni za bei chee za mtandaoni zifungue kabla hujazifunga kwenye gari. Mimi nimeonyeshwa moja, ndani tupu, hakuna wavu hakuna kizuizi, moshi unaingia huku unatokea kule umeshiba oili yake. Ile ni pambo. Wengine wanashauri uache mpira wazi uweke kichujio kidogo juu, usihangaike na kurudisha moshi. Kwa gari ya barabarani hapa ni kosa kisheria, na taa nyekundu ukisimama utavuta ile harufu mpaka kichwa kiume.

Nyota nilitoa moja. Nilipoona kile kidole cha fundi nikapandisha tatu. Leo nimeandika mpaka hapa nimekumbuka kile kicheko, nimerudisha mbili, na zote mbili ni za kopo, duka halina nyota hapa. Mwenye kujua wanakouza koki ya shaba ya kumwagia, hii ya plastiki imeanza ufa, aniambie, nitalipia na usafirishaji, ila isiwe kwa yule bwana.