Kiboksi cha huduma ya kwanza cha gari: plasta kibao, mkanda wa kuzuia damu hamna

Nilinunua hiki kiboksi miezi kama minane imepita, kimeandikwa vifaa 120, nikaona hapa nimepata, nikakitupa kwenye buti nikasahau. Juzi jioni pikipiki imegongwa mbele yangu, jamaa kalala pembeni, paja limechanika na damu inaruka. Nakimbilia buti, kiboksi kiko chini ya tairi ya spea (hilo kosa langu, sio lao).

Sasa fungua uone. Zipu imekwama. Ndani ni plasta, plasta, plasta, pini, kipimajoto. Gozi za kufunika kidonda ziko 4 tu, ndogo kama kiganja cha mtoto, na kila moja imefungwa kinailoni ambacho mikono ikishalowa damu hakichaniki ng'o, nimekichana kwa meno. Mkasi ndo kichekesho, labda ukate uzi, suruali ya jinzi umeshindwa kabisa. Na ule mkanda wa kukaza mguu wenye kijiti cha kuzungusha haumo! Mtu mshipa mkubwa umekatika anaweza kuisha ndani ya dakika chache tu, ambulensi hata haijatoka getini, halafu we unampa plasta?

Kilichosaidia ni shati langu. Nimelikunja nikalisokomeza kwenye kidonda nikalalia kwa mikono miwili, uzito wote, bila kuachia hata kuchungulia, mpaka ambulensi imefika kama dakika 25 baadae mikono imekufa ganzi. Dada mmoja akamshikilia kichwa kisitikisike, helmeti hatukuivua, na kuna mzee alikuja na chupa ya maji tukamwambia hapana baba, asinywe kitu, huyu anaweza kwenda moja kwa moja kupasuliwa. Wale wa ambulensi cha kwanza kabisa wakamfunga mkanda kama huo huo, sio kwenye kidonda chenyewe, ni upande wa juu yake kuelekea nyonga, wakaandika na saa waliyoufunga.

Cha kusifia, glavu nzuri, hazikuchanika. Na lile blanketi jepesi linalong'aa kama foili lilifaa sana maana jamaa alikuwa anatetemeka, aliyemwaga damu akipoa damu yenyewe inakuwa ngumu kuganda, wengi hatujui hilo.

Nyota 2 kati ya 5. Sijakitupa, nimetoa plasta nusu nikaweka mkanda, gozi ndefu na mkasi wa maana, na sasa kinakaa chini ya siti ya dereva.