TAHADHARI: Wauza bodi za stovu za peleti, kwao kila ugonjwa ni "bodi imekufa"

Wakuu, hii inawahusu wenye stovu za peleti (vipande vidogo vya unga wa mbao ulioshindiliwa) za kupashia nyumba joto, hasa kama yako sasa hivi inakusumbua kwenye joto, yaani umeweka 21 chumba kinapanda mpaka 26 mnafungua madirisha, au umeweka 23 na yenyewe inacheza na kamoto kadogo watu mnavaa masweta ndani. Kabla hujamtumia mtu hela soma kwanza.

Kuna muuzaji wa bodi, yaani sakiti ya umeme inayoongoza stovu, mtandaoni, na ana wenzake maana meseji zao zinafanana mpaka makosa ya herufi, anaingia kila mahali mtu analalamika kuhusu stovu halafu anamfuata pembeni. Unamweleza shida, haulizi chapa, haulizi modeli, haulizi kama una thamostati ya ukutani (kidude cha kuweka joto unalotaka) au unatumia sensa ya kwenye stovu yenyewe, anajibu papo hapo "hiyo bodi imekufa, nimebaki nayo moja na kuna mteja anaitaka leo". Hiyo moja imebaki kwa kila anayeuliza. Ni sawa na mtu akuuzie miwani kwa simu bila kukupima macho. Ukiomba picha anakutumia bodi inang'aa, ukiitafuta ile picha unaikuta kwenye duka lingine kabisa. Na hataki ulipie ndani ya soko lenye ulinzi wa mnunuzi, anataka umtumie moja kwa moja eti makato ni makubwa. Ikishafika mkononi ndo unaambiwa vifaa vya umeme havirudishwi.

Shemeji yangu aliletewa moja, nikaigeuza geuza. Matundu ya skrubu yamekwaruzwa, nyuma kuna risasi ya kulehemu mpya imepigwa juu ya ya zamani na madoa ya kahawia ya kulehemu hayajafutwa hata kidogo, stika ya namba imebandikwa juu ya stika nyingine. Hiyo ndo "mpya kutoka kiwandani". Wakaifunga, stovu ikawa vilevile, moto mdogo kutwa. Kumbe sensa ya joto la chumba, kale kawaya kanakoning'inia nyuma ya stovu, kamelalia bati la nyuma, kwa hiyo kanasoma joto la bati badala ya hewa ya chumba na stovu inaamini kazi imeisha inajishusha. Kuvutwa pembeni tu ikapona, tena kwa bodi yao ile ile ya zamani.

Jamani bodi haijui chumba kina joto gani, inaambiwa. Inaambiwa na sensa au na thamostati, na hao wawili wakidanganya bodi nzima kabisa itafanya ujinga. Kwa hiyo hapo ndo pa kuanzia, na ni kazi ya mita ya fundi umeme (multimeter) ya bei rahisi tu. Zima stovu, iache ipoe, chomoa waya wa umeme, kisha chomoa sensa kwenye bodi upime ukinzani wake. Sensa nyingi za chumba ni zile ambazo ukinzani unashuka joto likipanda, na zinazotumika sana zinasoma omu 10,000 kwenye nyuzi 25, kwenye nyuzi 20 utaona elfu kumi na mbili na kitu. Kitabu cha stovu yako ndo cha mwisho, zipo zenye namba tofauti. Halafu ishike kwa vidole, namba lazima ishuke taratibu. Isiposogea imekufa. Mita isiposoma kitu kabisa waya umekatika, na stovu nyingi hapo zinaona kama chumba ni barafu, zinapiga moto mkubwa bila kupumzika. Ikisoma karibu na sifuri waya zimegusana, inaona chumba kinaungua, inabaki na kamoto. Nyingine zinatoa alama ya kosa kwenye kioo cha namba, nyingine zinanyamaza tu. Sensa hiyo ni kidude kidogo sana kulinganisha na bei ya bodi, ndo maana huyu jamaa haigusii kabisa.

Wenye thamostati ya ukutani, badilisha betri kwanza, usicheke, betri zimeshauza bodi nyingi sana. Angalia na ilipofungwa, kama iko juu ya stovu, inapigwa na jua, au iko karibu na mlango unaopitisha baridi itakudanganya kila siku. Kwenye stovu nyingi ile thamostati ni swichi tu, waya mbili zinafunga na kufungua, hazipeleki umeme. Hapo unaweza kuzima, kutoa zile waya mbili upande wa stovu na kuunganisha terminali zake (pale waya zinapofungwa) kwa kipande cha waya, ukiwasha ikaitikia na kupanda moto basi bodi ni nzima, kesi iko kwenye thamostati au waya wake. Ila hakikisha kwenye kitabu kwamba ni terminali zenyewe, usibahatishe.

Pia kuna kitu watu wanaita ubovu na sio ubovu. Stovu nyingi zikifika joto ulilotaka hazizimi, zinashuka kwenye nguvu ya chini kabisa. Kama stovu ni kubwa kuliko nyumba, hata hiyo nguvu ya chini inazidi, chumba kitaendelea kupanda tu. Zinazo mpangilio wa kuzima zikipitiliza nyuzi kadhaa na kujiwasha tena, mara nyingi umezimwa kutoka kiwandani. Huyu muuzaji akisikia "haizimi" anafurahi sana.

Na kama moto wenyewe ni dhaifu hata ukiiweka nguvu ya juu, angalia uchafu kabla ya umeme. Peleti zilizonyonya unyevu (viwango vya ubora wa peleti vya ENplus vinataka usizidi asilimia 10), vumbi lililojaa chini ya tanki mpaka parafujo (skrubu ndefu inayosukuma peleti kwenda motoni) inazunguka inaleta unga, matundu ya kikombe cha kuchomea yameziba majivu, gasketi ya mlango imechoka. Feni ya kusukuma hewa ya moto chumbani ikijaa vumbi joto linabaki ndani ya mwili wa stovu, na nyingine zikiona hivyo zinajishusha au zinajikata zenyewe.

Sisemi bodi hazifi. Zinakufa. Kwenye bodi nyingi mota zinaendeshwa na kidude kinaitwa triaki, kikipiga shoti parafujo inazunguka bila kuambiwa, peleti zinamwagika mpaka kikombe kinafurika, hiyo ni bodi kweli. Kioo cha namba kimezima na fyuzi ni nzima na umeme unafika, hapo pia ishuku bodi. Lakini hata hapo muuzaji wa kweli atakuuliza modeli na namba ya stovu, kwa sababu bodi za aina moja zinawekwa kwenye stovu za chapa nyingi, za kampuni ya Micronova kwa mfano zimo humo sana, na kila modeli ina vipimo vyake vya kulisha peleti na spidi ya feni vilivyopakiwa ndani. Bodi inaweza kuingia vizuri kila soketi na bado ikawa na vipimo vya stovu nyingine, ikalisha kupita kiasi. Asiyeuliza modeli ameshakujibu.

Sasa kilichonifanya niandike kwa herufi kubwa pale juu. Baada ya bodi kugoma, jamaa akamwambia shemeji "ruka swichi ya presha, unganisha waya zake mbili, sensa za usalama ndo zinasumbua". USIFANYE HIVYO. Hiyo swichi inahisi kama moshi unavutwa kwenda nje, bomba likiziba au mlango ukiwa wazi inakata ulishaji wa peleti. Ukiiruka moto unaendelea bomba likiwa limeziba na monoksidi ya kaboni inaingia ndani, haina harufu, haina rangi, inaua watu wakiwa wamelala. Kama inakata kila mara angalia kimpira chake kama kimepasuka au kimeziba majivu, angalia na bomba la moshi. Vivyo hivyo ile swichi ya joto kupita kiasi yenye kitufe cha kubonyeza, ikijikata tena na tena usiendelee kuibonyeza, mwite fundi aangalie feni. Na kila nyumba yenye stovu hii iwe na kengele ya monoksidi, hata kama stovu haina shida yoyote.

Jina la ukurasa wake siweki maana anabadilisha kila akishtukiwa, mjue kwa tabia.

Kwa mliokwisha kutuma hela na bodi bado haijafungwa kwenye stovu, piga picha bodi pande zote mbili pamoja na stika kabla ya kuichomeka, hifadhi meseji zote, na kama ulilipa kwa kadi wapigie benki mapema kufungua malalamiko, zina muda wa mwisho. Na akikuomba umtumie bodi ya zamani "kwa ajili ya kuchakata" usimpe, ile ndo inapigwa stika mpya na kuuzwa kwa mwingine, na pengine ya kwako ni nzima.