TAHADHARI: Huyu anayewauzia Waswahili wa Dallas fimbo za kuflipu ni tapeli

Jamani, kabla hamjamtumia mtu yeyote senti moja kwa ajili ya fimbo ya kuvulia, someni hii. Kuna jamaa anaweka matangazo ya fimbo za kuvulia samaki wa besi "kama mpya", anajibu kwa Kiswahili kilichonyooka, shikamoo mbele mbele, kaka nyingi. Tapeli. Kaniingiza mjini mimi, niliyekuwa Texas hii wengine wenu bado mnahangaikia viza. Chekeni mkimaliza kusoma.

Fimbo yangu ya zamani iliishia kwenye mlango wa gari, hayo mnayajua, sirudii. Nilikuwa nahitaji nyingine haraka, kwa sababu maji ya Lake Fork, lile bwawa letu la besi hapa Texas, yalianza kupata joto na besi majike wakishasogea kwenye kina kifupi kutaga, humo kwenye visiki na haidrila, yale magugu ya majini, ndiyo wakati wenyewe wa kuflipu na kupichi, yaani kupenyeza chambo kwa karibu, chini chini, kwenye vitundu vya magugu na visiki. Dukani niliyoipenda ilikuwa inakaribia dola 300, bado kodi, bado rili ya kukunjia uzi. Nikarudi nyumbani nanuna. Usiku uleule tangazo likanijia kwenye simu: futi saba na inchi sita, herufi H, yaani fimbo nzito, ncha ya kasi, yaani inayopinda kule juu tu, uzi pauni 15 hadi 25, chambo nusu aunsi hadi aunsi moja na nusu, grafiti tupu, dola 160. Hebu mniambie, kwenye hayo maelezo kosa liko wapi? Ndiyo hasa fimbo ya kuflipu. Hata ningeandika mwenyewe nisingebadilisha neno.

Nikamwandikia kwa Kiingereza, akajibu kwa Kiswahili. "Jina lako limekusaliti kaka," akasema, na kacheko. Akaniuliza nyumbani wapi, tukapiga stori ya Tanga, akaniambia hata mchuzi wa papa wa kule anaukumbuka. Mtu anayeujua mchuzi wa papa unamshukuje? Akanieleza kwamba anahamia Minnesota kikazi, kule anaenda kuvua samaki wa barafuni, fimbo nzito hazina kazi tena. Akanielezea habari za Dee Thomas wa California, aliyewaonyesha Wamarekani huu mtindo wa kuflipu miaka ya 1970, na jinsi fimbo zake za kwanza zilivyokuwa ndefu mpaka wenye mashindano wakaweka kikomo cha futi nane. Mambo ya kweli kabisa hayo! Ndiyo maana nakasirika. Angekuwa hajui kitu ningemshtukia.

Tukakutana kwenye maegesho ya kituo cha mafuta, jioni, taa zimeshawashwa. Akashuka na fimbo ndani ya soksi yake ya kitambaa, akaivua taratibu kama anamvua mtoto nguo. Ilikuwa inang'aa. Nikaishika mshiko, mrefu, unakaa vizuri chini ya mkono wa mbele. Nikaitikisa. Nikataka kuiegemeza ncha chini niipinde, akanizuia: "Kaka, usiipinde kwenye lami, ncha itachubuka, nishikie huku." Akaishika yeye, mkono wake wa kushoto juu kidogo ya mshiko, akaniambia nivute ncha. Nikavuta, ikapinda vizuri, ikarudi vizuri. Sasa naelewa kwa nini mkono wake ulikaa palepale na haukubanduka mpaka nilipomaliza.

Maana pale alipokuwa ameshika palikuwa na uzi mweusi umezungushwa, upana wa kidole gumba, umepakwa rangi ya maji juu, na kikulabu kidogo cha kuning'inizia ndoano. Nilikiona! Sikuwa kipofu. Nikamuuliza, mbona huu uzi umekaa mpana hivi? Akajibu bila kupepesa: "Hapo ndipo pa kutundikia ndoano, hii ni toleo la mashindano." Na kweli kikulabu cha ndoano huwa kinakaa maeneo hayo. Halafu fimbo nyingi za zamani za kuflipu zilikuwa zinaingia ndani ya mshiko ili zitoshe kwenye kabati la boti, kwa hiyo hata kiungo karibu na mshiko si jambo la kumshtua mtu anayezijua fimbo. Asiyejua angeogopa. Mimi nilijua, nikatulia.

Nikamtumia pesa kwa Zelle, ile ya kutuma hela kwa simu kutoka benki, pale pale, tumesimama. Akaangalia simu yake, akanishika bega, akasema "Mungu akujalie wakubwa."

Kule Fork nilikuwa na shemeji, yeye nyuma ya boti, mimi mbele. Uzi wa kusuka wa pauni 65, chubwi ya aunsi moja, chambo cha kamba wa mpira. Kupichi kwa kwanza nikaona ncha imelala. Chubwi ya aunsi moja tu, na fimbo imeandikwa inabeba aunsi moja na nusu, ncha imelala kabisa! Shemeji akasema hiyo fimbo mbona laini, nikamwambia nyamaza, ndiyo zinavyotengenezwa siku hizi zikupe hisia. Nikaendelea. Nikapenyeza chambo kwenye kitundu kati ya kisiki na nyasi, kikazama, uzi ukasogea pembeni wenyewe. Wale mnaovua mnaujua ule msogeo. Nikarudisha ulegevu, nikapiga mvuto kwa mikono miwili.

Krak! Sauti ilikuja mpaka ng'ambo. Mkononi nimebaki na mshiko na shubiri moja ya fimbo. Futi sita zilizobaki zimeteleza na uzi kuelekea majini, samaki huko chini anazunguka kisiki, nimeshika uzi wa kusuka kwa kiganja na umenikata mpaka damu. Alipanda mara moja akatikisa kichwa. Mdomo ule, jamani. Hili ni bwawa lililotoa rekodi ya Texas mwaka 1992, pauni 18.18, na sisemi wangu alikuwa wa namna hiyo, ila alikuwa mama. Na hata kama angeangukia kati ya inchi 16 na 24, ambao pale Fork sheria inataka warudishwe majini, ningepata picha! Sikupata hata picha. Shemeji kapiga picha yangu mimi na kipande cha fimbo, mnayo wote.

Tulipoangalia palipovunjika ndipo nikaelewa. Kipande cha chini kina ukuta mnene, cha juu ukuta mwembamba. Si fimbo moja! Ni mshiko wa fimbo nzito iliyovunjika, umepachikwa sehemu ya juu ya fimbo nyingine nyepesi. Ndani wameingiza kijiti cheupe cha faibaglasi, gundi imeganda ya njano, ina mapovu, juu wakazungusha uzi mweusi na kikulabu kufunika aibu. Maandishi ya H na aunsi yapo kwenye kipande cha chini, kwa hiyo maandishi ni ya kweli, fimbo ndiyo ya uongo. Kachakachua fimbo! Watu wanachakachua mafuta, huyu kachakachua fimbo.

Nikampigia. Akaniambia, hebu sikilizeni, kwamba nimeiinua ikasimama wima, fimbo yoyote ingevunjika. Ni kweli fimbo za grafiti zinavunjika ukiziinua wima na mzigo karibu, lakini nilikuwa sijafika huko, mvuto ndio kwanza umeanza! Nikamtumia picha ya ile gundi. Akaniblock. Benki nao wanasema pesa niliidhinisha mwenyewe, hela imekwenda.

Huyu mtu asiachwe. Nasema wazi, atangazwe kwenye misiba na harusi zetu zote, akija kula pilau aulizwe fimbo. Wazee wa jumuiya wamuite. Mahakama za madai madogo za hapa Texas zinapokea madai mpaka dola 20,000, na mimi kwa dola 160 nitakwenda, nitachukua na likizo. Anatumia lugha yetu kutuibia sisi kwa sisi. Mwizi wa Kizungu ningemsamehe, huyu kaniombea dua kabisa akiwa na pesa yangu mfukoni!

Kuna mliouliza nilipaswa kuona nini. Sawa. Uzi mpana uliozungushwa mahali ambapo hakuna pete, zile za kupitishia uzi wa kuvulia, pitisha ukucha, ukisikia kingo au uvimbe, ondoka. Pete zenyewe: angalieni ukubwa wake na nafasi kati yake kutoka mshikoni kwenda nchani, zikiruka ghafla ujue kuna kilichounganishwa. Ile ya kwangu pete ya kwanza juu ya kiungo ilikuwa kubwa mno, ya fimbo za rili inayoning'inia chini kabisa, na nikadhani ni mtindo. Nendeni na rili na chubwi yenu ya aunsi moja, ining'inizeni muone ncha inafanya nini. Kama muuzaji anakubali, pitisha uzi kwenye pete zote, funga dumu la maji la nusu galoni, linyanyue kidogo kutoka chini huku fimbo umeilaza, siyo wima. Fimbo nzima ikipinda ni upinde mmoja laini, ukiona mahali pamenyooka kama kuna mfupa, hapo pana kitu ndani. Asiyekubali hilo na alale na fimbo yake. Pia akikutajia IM7 au IM8, hayo ni majina ya biashara ya grafiti, hayakuambii fimbo imetengenezwaje. Na waranti za kampuni nyingi ni za mnunuzi wa kwanza, kwa hiyo usidanganywe na "bado ina waranti". Mengine siyakumbuki sasa hivi, mkono unaniuma na hasira.

Tena mkutane mchana. Mchana!

Nimesikia kuna ndugu wa Fort Worth alimwekea oda ya fimbo mbili wiki hii. Kama ni wewe, usimtumie kitu, nipigie. Na mwenye picha za matangazo yake ya zamani kabla hajayafuta anitumie, hasa zile zinazoonyesha karibu na mshiko, nazikusanya.