Vichujio viwili vya FFmpeg vya kusawazisha sauti: loudnorm na dynaudnorm

FFmpeg ni programu ya bure ya kuchakata sauti na video, na ndani yake mna vichujio viwili vinavyopandisha na kushusha sauti vyenyewe. Mimi navitumia kwa mijadala yenye mgeni wa simu anayenong'ona na mtangazaji anayenguruma. Kila kimoja kina kazi yake.

Kwa faili lililokwisha kurekodiwa, tumia loudnorm, tena mara mbili. Mara ya kwanza ni kupima tu:

ffmpeg -i mjadala.wav -af loudnorm=I=-16:TP=-1.5:LRA=11:print_format=json -f null -

Hapo I ni wastani wa sauti unaoulenga, TP ni kilele cha juu unachoruhusu, na LRA ni tofauti kati ya sehemu tulivu na zenye nguvu. Kati ya namba zinazotoka, tano unazipeleka kwenye amri ya pili: input_i inakuwa measured_I, vivyo hivyo input_tp, input_lra na input_thresh, kisha target_offset inakuwa offset. Ongeza linear=true, yaani faili zima lipewe ongezeko moja. Ukiruka kipimo, kichujio hubahatisha kinaposonga mbele, na utasikia sauti ikivimba kila msemaji anaponyamaza.

Hata ukipima, kuna mtego. Tuseme rekodi ina wastani wa -27 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia) na kilele cha -8. Kufika -16 kunahitaji desibeli 11, na kilele kitafika +3, juu ya -1.5 uliyoruhusu. Hapo loudnorm inaacha linear na kurudi kwenye mtindo wa kubadilika-badilika bila kukatisha kazi. Kwa hiyo weka print_format=json kwenye amri ya pili pia, usome normalization_type. Ikiandika dynamic, kata vilele kwanza kwa alimiter=limit=0.2:level=0, yaani karibu -14 dB, halafu pima upya kwa sababu namba zote zimebadilika. Hiyo level=0 usiisahau: bila yake alimiter hupandisha tena ulichokata, na ukataji wako unakuwa kazi bure. Kingine, mtindo huo wa kubadilika hupandisha kiwango cha sampuli (idadi ya vipimo vya sauti kwa sekunde) hadi 192 kHz, basi maliza amri kwa -ar 48000, la sivyo faili litakuwa kubwa bila faida yoyote masikioni.

Kwa matangazo ya moja kwa moja, loudnorm siipendekezi. Inachungulia sekunde 3 mbele, na midomo kwenye picha haitaisubiri. dynaudnorm nayo, ikiachwa ilivyo, ni mbaya zaidi: vipande vya milisekunde 500, 31 kwa pamoja, nusu yake vikiwa bado havijafika. Hizo ni zaidi ya sekunde 7. Nimeishusha hadi f=100:g=5 (vipande vya milisekunde 100, vitano kwa pamoja) na ucheleweshaji ukabaki sehemu ndogo ya sekunde. Gharama yake ni kwamba sauti inapanda na kushuka haraka, na sikio lililozoea linasikia.

Kama mtangazaji yuko chaneli ya kushoto na simu iko kulia, andika n=0 kwenye dynaudnorm. Kwa kawaida chaneli zote hupewa ongezeko moja, hivyo mgeni anabaki chini palepale na wewe unalaumu simu yake.

Tatizo kubwa ni kelele. Kikomo cha ongezeko cha dynaudnorm, m, huwa 10 usipoigusa; m=10 inaruhusu ongezeko la mara kumi, yaani desibeli 20, kwa hiyo watu wakitulia, feni na jenereta ndizo zinazohutubia. Ninaweka m=4, na kabla ya dynaudnorm naweka highpass=f=80, inayokata sauti nzito za chini ya Hz 80; mngurumo ukikatwa baadaye, kichujio kimeshauhesabu kama sauti ya mtu.