Golf 1.4 TSI na Toyota IST hapa Kigoma: kabla ya kuulizia rangi, ulizia giaboksi

Ndugu watazamaji, hamjambo, na karibuni tena. Gari hili jeupe nyuma yangu ni Volkswagen Golf ya kizazi cha sita, yenye injini ya petroli ya 1.4 TSI, iliyoagizwa kutoka Japani na usukani wake upande wa kulia. Hilo la rangi ya fedha lililo kando yake ni Toyota IST ya kizazi cha kwanza, ambayo hapa Kigoma haihitaji kutambulishwa kwa mtu yeyote. Mmeniomba kwa muda mrefu nizilinganishe, na leo ninafanya hivyo, lakini sitawasomea idadi ya mifuko ya hewa wala ukubwa wa buti, kwa sababu hayo yapo katika kila tangazo la mauzo. Nataka muda wetu mwingi tuutumie kwenye kitu kimoja ambacho wauzaji hukipita haraka mno, nacho ni giaboksi.

Kwanza niipe Golf haki yake. Gari hili lilitunukiwa tuzo ya Gari Bora la Mwaka Duniani mwaka 2009, na ukiliendesha kutoka Mwandiga kuelekea Manyovu, kwenye zile kona za milimani, unaelewa mara moja kwa nini majaji walilipenda. Kila gurudumu la nyuma limeshikwa na mikono yake kadhaa, kwa hiyo moja likiingia kwenye shimo jingine halisumbuki, ilhali IST ina ekseli moja inayoyaunganisha yote mawili, na mtikisiko wa upande mmoja hufika upande wa pili. Mlango wa Golf ukifungwa, kelele za nje hukatika. Viti vinashika mgongo vizuri, na ukifika Manyovu hujachoka. IST ukiifikisha kilomita 100 kwa saa unaanza kuusikia upepo, tairi na injini kwa pamoja, na usukani unakuwa mwepesi kuliko ninavyopenda. Nayasema haya kwa sababu wapo watu hapa mjini wanaodai kwamba mwenye gari la Ulaya ananunua jina tu. Si kweli hata kidogo, na yeyote aliyewahi kuliendesha gari hili kwenye lami nzuri hawezi kusema hivyo.

Sasa tuingie ndani. Naiweka kamera hapa chini ili muone miguu yangu na dashibodi kwa wakati mmoja. Tupo chini kabisa karibu na stesheni ya reli, na barabara hii ya Lumumba inapanda kuelekea Mwanga. Nimeweka gia kwenye D na nimekanyaga breki kwa nguvu. Katika hali hii gari limesimama, na kompyuta imeiachia klachi, kwa hiyo hakuna kinachosuguana. Naachia breki taratibu bila kugusa mafuta. Mnaona gari linaanza kujisogeza lenyewe? Hapo ndipo wengi wanapodhani kwamba hii ni otomatiki kama ya IST, kwa sababu kwa dereva hisia ni ileile. Kinachotokea huko ndani ni kitu tofauti kabisa.

IST ina otomatiki ya gia nne ya mtindo wa zamani, na kati ya injini na giaboksi yake kuna chombo kinachopitisha nguvu kwa njia ya mafuta ya giaboksi. Ukijivuta nyuma ya bajaji kwenye mlima huu, mafuta hayo ndiyo yanayoteleza na kuubeba ule moto, kisha yanapozwa kwenye rejeta na safari inaendelea. Golf hii haina chombo hicho. Ina giaboksi ya DSG ya gia saba, ambayo kwa kweli ni giaboksi ya mkono inayobadilishwa gia na kompyuta, ikiwa na klachi mbili: ya kwanza inashika gia ya kwanza, ya tatu, ya tano na ya saba, na ya pili inashika ya pili, ya nne, ya sita na ya kurudi nyuma. Klachi hizo ni kavu. Hazilowi kwenye mafuta, na kinachozipoza ni hewa peke yake.

Tazameni mbele yangu. Bajaji imejaa abiria na inapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Nikiifuata hivi kwa kugusa mafuta kidogo kidogo, kompyuta haiwezi kuibana klachi moja kwa moja, maana injini itazimika, kwa hiyo inaishikilia nusunusu. Wale mliojifunza udereva kwenye gari la gia za mkono mnaikumbuka sauti ya mwalimu akikukataza kukalia klachi mlimani. Hapa kompyuta inaikalia klachi kwa niaba yangu, na mimi sisikii harufu wala mtikisiko wowote, kwa sababu gari hili ni zima na linafanya kazi kama lilivyoundwa kufanya. Natilia mkazo neno zima. Hiki ninachowaonyesha ni tabia ya kawaida ya klachi kavu, na ndiyo inayozila mapema inaporudiwa asubuhi na jioni kwenye mji wenye milima kama wetu.

Sasa naipanda sehemu hiyohiyo kwa namna nyingine. Nimesimama, breki imekanyagwa hadi chini, na naiacha bajaji iende mbele mpaka nipate nafasi ya kutosha. Naachia breki, gari linajizuia lenyewe kwa sekunde chache lisirudi nyuma, kisha nakanyaga mafuta kwa uamuzi, klachi inabana, gia ya pili inaingia na tumeondoka. Mmeona tofauti? Klachi imeteleza kwa muda mfupi tu badala ya mlima mzima. Narudia mara ya pili ili muitazame mshale wa mizunguko ya injini. Unapanda, unatulia, kisha unashuka gia inapobadilika, na mwili haukuhisi chochote. Kwenye barabara iliyo wazi sijui giaboksi nyingine ya gari la bei hii inayobadilisha gia kwa ulaini na haraka namna hiyo. Ndiyo maana inaniudhi. Ingekuwa mbaya kila mahali ningewaambia muiache, tukamaliza.

Yapo pia yanayojulikana duniani kote kuhusu giaboksi hii, na anayetaka kununua ayajue. Ilianza kutumika mwaka 2008, na mwaka 2013 Volkswagen iliyaita magari mengi yenye giaboksi hiyo kwa marekebisho nchini China, Japani na Australia, hasa kwa ajili ya ule mtambo wa umeme na mafuta unaoamuru klachi na gia. Injini hii ya 1.4 nayo inajulikana kwa cheni ya taimingi inayorefuka, kwa hiyo gari mnalotaka kulinunua liwasheni likiwa baridi kabisa, asubuhi, na msikilize mlio wa cheni katika sekunde za mwanzo. Muuzaji akiwa ameshaliwasha kabla hamjafika, rudini kesho yake.

Najua mashabiki wa Japani mnashangilia huko mliko. Subirini kidogo. Honda Fit ya mseto wa petroli na umeme iliyotoka mwaka 2013 ina giaboksi ya gia saba yenye klachi mbili, na kati ya mwaka huo na mwaka 2014 Honda iliiita kwa marekebisho mara kadhaa nchini kwao Japani. Hiyo ni Japani kamili, na bado mnunuzi wa Kigoma anaichukua akiamini kwamba ananunua urahisi wa IST. Kwa upande mwingine, Golf GTI ya kizazi hikihiki, ile ya lita mbili, ina DSG ya gia sita ambayo klachi zake zinaoga kwenye mafuta, na mafuta hayo hubadilishwa kila kilomita 60,000. Joto la mlima huu inalistahimili vizuri zaidi. Kwa hiyo mtu akiniuliza gari la Ulaya au la Japani, mimi namuuliza giaboksi gani.

Nimeinua boneti zote mbili sasa. Kwenye IST, fundi yeyote wa Mwanga au Gungu anazijua boliti hizi kwa kuzishika tu, na injini yake ya familia ya NZ imo pia kwenye Vitz, Probox na Toyota nyingine nyingi ndogo, kwa hiyo spea zake, mpya na za mtumba, hazikosekani. Kwenye Golf kuna boliti zenye vichwa vya nyota za aina mbili tofauti, na fundi asiyekuwa na soketi zake atalazimisha na kuzinyoa. Hata magurudumu yameshikwa na boliti za spana namba 17 zinazoingia moja kwa moja kwenye habu, wala si nati za namba 21 kama za Toyota, na mara nyingi boliti moja ya kila gurudumu ina ufunguo wake maalumu. Ufunguo huo ukipotea na tairi ikapasuka Kaliua usiku, mtalala hapo.

Lakini kikwazo kikubwa ni kompyuta. Kifaa hiki kidogo ninachokichomeka chini ya usukani, cha aina wanayotumia mafundi wengi, kinasoma hitilafu za injini tu. Mnaona, kimeishia hapo. Ili kuisoma giaboksi yenyewe, na kuipa mafunzo upya baada ya kubadilisha klachi, inahitajika programu maalumu ya magari ya Volkswagen, pamoja na vifaa vya kuvutia na kupimia klachi wakati wa kuifunga. Kabla hujalipa senti moja ya Golf, tafuta ni fundi gani kati yako na Tabora aliye na vitu hivyo, mtembelee, na umwombe akuonyeshe akiisoma giaboksi mbele yako. Akikwambia ataazima kwa mtu, huyo hana.

Kuhusu spea, wengi tunategemea Kariakoo na Gerezani, na mzigo unakuja kwa basi. Duka moja la Dar es Salaam, ambalo sitalitaja, lilinitumia bushi za mbele zilizofanana kwa macho na zangu lakini zikiwa na herufi tofauti mwishoni mwa namba, na zilipofika hapa hazikuingia. Tangu hapo kila ninapoagiza natuma namba ya chesisi na picha ya namba iliyochapwa kwenye kifaa cha zamani, na sitoi fedha kabla ya kuiona picha ya kinachotumwa. Oili nayo iwe ile ambayo kopo lake limeandikwa idhini ya Volkswagen, 502 00 au 504 00. Usikubali kuambiwa kwamba oili zote ni sawa.

Wapo wanaoniandikia kwamba mashine ya Mjerumani haifi, na mfano wao ni meli yetu ya Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa na wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa na kurudi kazini mwaka 1927. Naiheshimu Liemba kama mtu yeyote wa mji huu. Lakini ilidumu kwa kuwa mafundi wake walikuwa hapahapa bandarini, na mitambo yake ya mvuke iliondolewa miaka ya 1970 ikawekwa ya dizeli. Kilichobaki cha mwaka 1913 ni chombo chenyewe.

Tuseme na bei. Ushuru wa forodha ni asilimia 25 na VAT asilimia 18 kwa zote mbili, na kwa kuwa IST ya 1.3 na Golf ya 1.4 zote zina injini iliyo kati ya cc 1,000 na 2,000, ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini nao ni uleule wa asilimia 5. Kodi haizitofautishi kwa viwango. Kinachozitofautisha ni kwamba Golf kuukuu huko Japani mara nyingi ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani, na unafuu huo ndio unaowavuta vijana wengi. Mimi nashauri kwamba tofauti yoyote unayoiokoa kwenye ununuzi uiweke kando tangu siku ya kwanza kwa ajili ya seti ya klachi, na kama huwezi kuiweka, chukua IST bila kuona haya. Ukiishi tambarare na safari zako ni ndefu, kama ndugu zetu wa Tabora wanaokwenda Nzega na kurudi, Golf hii itakutendea mema mengi, kwa sababu klachi inabana mara moja na kukaa hivyo mpaka unafika.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, nitakuwa Tabora mjini, na watazamaji wa Ipuli na Cheyo walioniahidi magari yao naomba waje nayo yakiwa baridi. Maswali kuhusu Polo ni mengi nami nimeyaona, kwa hiyo nijibu moja kabla sijazima kamera: Polo ya 1.2 TSI inayoletwa kutoka Japani ina giaboksi hiihii ya klachi kavu, kwa hiyo yote mliyoyaona leo kwenye mlima wa Lumumba yanaihusu, pamoja na ile boliti ya ufunguo.