AirTag ndani ya gitaa: nimeitumia Dar, nawaambia inasaidia wapi na wapi haisaidii

Wanamuziki wenzangu, AirTag (kile kidude cha Apple cha kukuonyesha kitu chako kiko wapi) kwenye gitaa inalipa, ila watu wengi wanainunua wakiwaza mwizi wakati kazi yake kubwa niliyoiona mimi ni chombo kilichosahaulika, kilichopanda gari la mtu mwingine, au kilichobaki ukumbini baada ya shoo. Kwa mwizi inakupa muda, tena muda mfupi, na huo muda lazima uujue unautumiaje, nitaeleza huko chini.

Kwanza inavyofanya kazi maana hapa ndio watu wengi wanauziwa maneno. AirTag haina GPS na haina laini ya simu. Ni kidude cha duara, upana kama milimita 32, unene 8, uzito gramu 11, kinatoa ishara ya Bluetooth, sasa iPhone ya mtu yeyote ikipita karibu inaidaka ile ishara inaituma Apple pamoja na mahali ilipo, wewe ukifungua programu ya Find My unaona kwenye ramani, na yule mwenye iPhone hajui chochote wala wewe hujui ni simu ya nani. Ndio maana haina ada ya mwezi wala bando, unanunua mara moja (ilipotoka 2021 Marekani ilikuwa dola 29, huku kwetu inategemea na duka) halafu unabadilisha betri tu, CR2032, ile bapa kama sarafu, na Apple wenyewe wanasema inakaa zaidi ya mwaka. Kuwa makini na betri, zile zenye mipako michungu ya kuzuia watoto wasizimeze baadhi hazishiki vizuri kwenye AirTag, unaweza ukadhani kifaa kimekufa kumbe ni betri.

Sasa kwa Dar maana yake nini. Masaki, Mikocheni, Posta, Mlimani City, iPhone zimejaa, lokesheni inajisasisha haraka kabisa. Ukienda mitaa ya pembeni huko ambako watu wengi wana Tecno na Infinix inaweza ikakaa muda mrefu inaonyesha pale pale ilipoonekana mara ya mwisho. Safarini pia hivyo hivyo, gitaa likiwa kwenye buti la basi la Mwanza utaona Morogoro, halafu kimya, halafu Dodoma, halafu kimya tena, usipaniki, hapo katikati hakuna simu ya kuidaka au ipo ila haina mtandao. Kwenye boti ya Zanzibar ni hivyo hivyo mkishafika katikati ya maji. Hii ukiielewa mapema hutakilaumu kifaa bure.

Mfano uliotutokea. Tumetoka kupiga harusi Mbezi, usiku sana, Noah ya kukodi inashusha watu mmoja mmoja, begi la besi limebaki chini ya siti ya nyuma na dereva ameshaondoka hajui kama ana mzigo wetu. Mpiga besi anafungua simu anaona liko Sinza, tukampigia dereva tukamwambia angalia chini ya siti ya nyuma, akalikuta, akalirudisha. Bila kile kidude tungeanza kumtilia shaka dereva wa watu, ukumbi, wahudumu, hadi sisi kwa sisi ndani ya bendi, na bendi nyingi zinavunjika kwa mambo ya hivi jamani. Kwangu hiyo peke yake imerudisha hela.

Na msione ni sisi tu. Yo-Yo Ma, mpiga selo (ile kama fidla kubwa inayopigwa umekaa) mkubwa kabisa duniani, mwaka 1999 alishuka kwenye teksi New York akaacha selo ya mwaka 1733 kwenye buti, chombo cha kama dola milioni 2 na nusu, ilipatikana siku hiyo hiyo na kilichosaidia ni kwamba alitunza risiti ya teksi. London 2019 mpiga fidla mmoja alisahau kwenye treni fidla iliyotengenezwa 1709, ikachukuliwa, ikarudishwa baada ya picha za kamera na watu kupiga kelele mtandaoni. Mtu umechoka, umetoka kazini, mikono imejaa, inatokea.

Pa kuiweka sasa, hapa nitakaa kidogo maana nimeona watu wanaharibu. Usiiweke mfuko wa nje wa begi. Mwizi akichukua gitaa kitu cha kwanza kutupa ni begi, utabaki unafuatilia begi kwenye jalala. Iweke ndani ya chombo chenyewe. Gitaa la akustiki, pitisha mkono kwenye tundu uibandike kwenye lile gogo la ndani linaloshikilia shingo, pale mbao haitikisiki sana kwahiyo sauti haiguswi, usithubutu kubandika kwenye ubao wa mbele, utaua sauti na itakuwa inalia zzzz kwenye noti za chini. Tumia velkro yenye gundi nzuri sio selotepu, maana joto letu la Dar linaachanisha selotepu ndani ya siku chache halafu kidude kinaanza kucheza ndani ya gitaa kama njugu. Gitaa la umeme, kifuniko cha nyuma penye nyaya kinatosha kwa baadhi, ILA cheki kama pale ndani pamepigwa foili ya shaba au alumini ya kuzuia muungurumo, kama ipo, foili inazuia hata ishara ya Bluetooth, umejifungia mwenyewe. Mimi la kwangu lina foili, nikaiweka kwenye uwazi wa springi za trimolo (ule mkono wa kuyumbisha sauti), chini ya kile kifuniko cha plastiki, inafanya kazi vizuri tu na springi haziigusi.

Kibodi rahisi, ndani ya bodi ya plastiki, mpe fundi wako afungue. Ngoma na dramu, ubavuni kwa ndani. Saksafoni na tarumbeta hakuna namna, ni chuma tupu na hakuna pa kujificha, itabidi chini ya kitambaa cha keisi ukishone. Fidla vilevile, yale matundu ya mbele ni membamba haipiti.

Haya, mwizi. Apple waliweka kinga ili watu wasifuatiliwe kisiri, na ni jambo jema, kuna wanawake wamefuatiliwa na hivi vidude. Kwahiyo AirTag isiyo yako ikitembea na wewe, iPhone yako inakuambia, na tangu 2023 Android nyingi nazo zinaambia bila kupakua kitu. Juu ya hapo ikikaa mbali na mwenyewe kati ya masaa 8 na 24 ikisogezwa inapiga mlio. Maana yake mwizi mwenye simu janja atajua, labda leo leo, labda kesho asubuhi. Kuna mafundi wanatoa kile kispika cha ndani ili isilie, mimi siungi mkono, kidude kisicho na sauti kikiingia mikono mibaya kinamuumiza binti wa mtu, na hata hivyo ile taarifa kwenye simu ya mwizi inakuja vilevile.

Ulichonacho ni yale masaa ya mwanzo. Gitaa limeibiwa, piga picha ya skrini ya ramani, nenda kituo cha polisi chukua RB (namba ya taarifa yako), nenda na askari. Namba ya seriali na picha za chombo (mikwaruzo yote, nyuma ya kichwa, risiti kama ipo) ziwe tayari kwenye simu kabla, maana ramani inasema chombo kiko mtaa fulani lakini haithibitishi ni chako. Na tafadhali sana msiende wenyewe kugonga mlango wa mtu na kupiga kelele za mwizi, mnajua mtaani kwetu ile kelele inaishia wapi, na ramani inaweza ikakosea nyumba moja au mbili. Gitaa halina thamani ya roho ya mtu, hata kama ni Fender.

Ukiwa karibu kabisa, iPhone 11 na nyingi zilizofuata zinaweza kukuonyesha mshale na mita zilizobaki, kwa kusaka kwenye stoo ya ukumbi ni tamu sana. Na kitu ambacho bendi nyingi hazijui, kuanzia iOS 17 (mfumo wa iPhone) unaweza kuishea AirTag na watu wengine watano, kwahiyo vyombo vya bendi mweke kiongozi wa bendi na mtu wa mitambo, sio lazima mmoja ndio abebe mzigo wote.

Huna iPhone wala iPad? AirTag hutaweza kuisajili, usinunue. Wenye Samsung Galaxy kuna SmartTag2 ya 2023, betri inakaa zaidi na ina tundu la kufungia, ila inategemea simu za Samsung zilizo karibu. Android nyingine kuna mtandao wa Google wa kutafuta vitu ulioanza 2024, traka za Chipolo na Pebblebee zinaingia humo, shida ni kwamba simu nyingi kwa kawaida zimewekwa ziripoti sehemu zenye watu wengi tu, ingia kwenye mipangilio ubadilishe iwe sehemu zote na uwaambie wanabendi wote wafanye hivyo. Vile vidude vya bei chee vinavyotembezwa mitaani vingi vinaunganika na simu yako tu, ukitoka mita chache basi, ni vya kutafuta funguo sebuleni. Ukinunua AirTag iunganishe hapo hapo dukani, ikubali kwenye Find My na ionyeshe namba yake ya seriali ndipo utoe hela.

Kwa spika kubwa, mikisa na amplifaya zinazopanda gari la mizigo, mimi nitachagua traka ya GPS yenye laini kama zile za bodaboda. Haijali nani ana iPhone, inakutumia lokesheni hata kijijini ilimradi kuna mtandao, ila ni kubwa, inataka chaji, inataka laini yenye salio, na ndani ya jengo la zege GPS inapotea. Kwenye gitaa haifai, itabadilisha uzito na sauti.

Alama zangu: AirTag kwa gitaa na besi mjini, 8 kwa 10. Kwa bendi inayozunguka mikoani 6. Kama kuna mtu amefunga ya GPS kwenye mitambo ya kukodisha na imekaa zaidi ya mwaka, aniambie ni ipi na chaji inakaa siku ngapi, tunataka kufunga za kwetu kabla hatujaanza ziara.